Filamu ya Fimbo ya Mnyonge: Funzo kwa Kada

Katika mapambano ya kujenga Ujamaa, sanaa ni silaha. Hilo halina ubishi. Linalotupasa kujiuliza ni kama silaha hiyo tuliishika sawasawa. Tuitazame filamu ya Fimbo ya Mnyonge, iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1970 na Kampuni ya Filamu Tanzania, chombo cha umma kilichoundwa mwaka 1968.

Kisa chake ni chepesi. Kijana anauchoka umaskini wa kijijini, anakimbilia mjini, anakosa kazi. Anapata mwanga wa Ujamaa, anarudi kwao, anawashawishi wenzake, nao wanaanzisha kijiji cha Ujamaa. Nia ilikuwa kubwa na ya kimapinduzi: mkulima aonekane shujaa, tena kwa Kiswahili, wakati majumba yetu ya sinema yalitawaliwa na filamu za kigeni. Nia hiyo hatuipingi. Tunachosema ni kwamba hitimisho lilitangulia kisa, na watu wa ndani yake wakafanywa vipaza sauti vya hitimisho hilo.

Tuipime kwa hali halisi ya Njombe na Makambako. Mtu wa huku hahitaji kufundishwa kwamba vijana huondoka. Wakati wa ukoloni, Njombe ilitoa manamba wengi kwa mashamba ya mkonge. Hawakuondoka kwa kupenda anasa. Walisukumwa na kodi na kwa kukosa njia nyingine ya kupata fedha. Mwaka 1975 ujenzi wa reli ya TAZARA, inayopita Makambako, ulikamilika, na safari ya mjini ikawa nyepesi zaidi. Kwa nini basi kijana anaondoka? Filamu haikulichimba swali hilo. Kijana akaonekana amepotea, kana kwamba tatizo ni ujinga wake, si mfumo uliomsukuma.

Kosa hili lina asili yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 wakoloni waliendesha jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, Usambara. Humo Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu asiyejua, anayengoja kuambiwa. Baada ya Uhuru tuliubadili ujumbe, lakini mhubiri akabaki juu na msikilizaji chini. Hiyo nayo ni kasumba.

Lakini lililo zito zaidi ni ukweli. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la Septemba 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia katika Ujamaa. Filamu inafuata msimamo huo: watu wanashawishiwa, wanakubali. Lakini Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na katika Operesheni zilizofuata wananchi wa sehemu nyingi za nchi walihamishwa kwa nguvu. Mkulima aliyehamishwa hivyo, akionyeshwa ridhaa ambayo yeye hakuombwa, ataamini nini? Ataishuku filamu kwanza, kisha atamshuku kada aliyeileta.

Kisa cha kweli hakikuwa mbali. Barabara itokayo Makambako kupitia Njombe inafika Songea, na huko Litowa vijana wa TANU walianza kulima pamoja mwaka 1960. Vijiji vya namna hiyo vikaungana katika chama chao cha maendeleo cha Ruvuma, maarufu kama RDA. Wakulima walikutana wenyewe, wakapanga na kuamua wenyewe. Mwaka 1969 TANU ikakivunja chama hicho. Hapo pana jasho, mabishano, ushindi, na ukinzani kati ya wakulima na viongozi waliodai kuwasemea. Kisa kama hicho kingemfundisha mtazamaji zaidi ya hotuba kumi.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa wananchi. Amri hiyo inamhusu pia mtunzi wa filamu, wa mchezo wa kuigiza na wa ngonjera. Kwanza, aanze kwa kumsikiliza mkulima. Pili, aonyeshe ukinzani uliopo, hata ule unaotuumbua sisi wenyewe. Tatu, amwachie mtazamaji kazi ya kufikiri. Mnyonge aliyefichwa ukweli wa maisha yake hakupewa fimbo. Amepigwa nayo.