Wosia si uchuro: Mambo 6 ya kujua kabla hujaandika

Matanga yakiisha, kinachofuata kwa familia nyingi za Kitanzania ni kikao cha ukoo. Hapo ndipo yanapoibuka maswali ambayo marehemu angeweza kuyajibu mwenyewe kwa karatasi moja: nyumba ni ya nani, shamba atalisimamia nani, mjane atakaa wapi?

Wengi hawaandiki wosia wakiona ni uchuro, yaani kujiitia kifo. Wengine wanaandika, lakini wanakosea jambo dogo tu na mahakama inaukataa. Haya ndiyo ya kuzingatia kwa anayeishi Tanzania Bara.

1. Usipoandika, sheria itakugawia

Kuna sheria tatu za mirathi. Mahakama huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, kisha inaamua ipi itumike. Angalia tofauti kwa mjane:

• Sheria ya Kiislamu: anapata moja ya nane kama mume ameacha watoto, na moja ya nne kama hakuacha. Wajane wakiwa zaidi ya mmoja, wanagawana fungu hilohilo.

• Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, inayotumika zaidi kwa Wakristo walioacha kuishi kimila: anapata theluthi moja, watoto theluthi mbili.

• Sheria ya kimila, kwa kanuni zilizoandikwa mwaka 1963: hana fungu iwapo ndugu wa ukoo wa mume wapo. Anatakiwa kutunzwa na watoto wake.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo za kimila zinawabagua wanawake, lakini haikuzifuta. Kwa hiyo mume anayesema "ndugu zangu wanampenda mke wangu, hawatamtoa" anamwachia mkewe huruma ya watu, siyo haki.

2. Mashahidi ndio uhai wa wosia

Hapa ndipo wosia nyingi zinapoanguka. Kwa sheria ya kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo wake na mmoja asiye ndugu. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne: wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo nao unataka wanne kwa mgawanyo huohuo.

Kwa sheria ya mwaka 1865, mashahidi ni wawili au zaidi. Wote wanatakiwa kusaini mbele ya mwenye wosia.

Kosa la kawaida ni kumfanya shahidi mtu yuleyule unayemwachia mali. Usifanye hivyo. Anaweza kupoteza alichoachiwa, au wosia wenyewe ukakataliwa. Tafuta jirani, mfanyakazi mwenzako au kiongozi wa dini asiyepata kitu.

3. Kuna mipaka ya kugawa

Huwezi kumpa mtu mali isiyo yako. Kiwanja cha familia au nyumba yenye hati ya majina mawili, andika sehemu yako tu, tena baada ya kupata ushauri wa kisheria.

Mwislamu hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake. Theluthi hiyo pia haiendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, mpaka warithi wengine waridhie.

Kwa mila, kumnyima mrithi kunahitaji sababu nzito, kwa mfano alimshambulia mzazi au alimtelekeza akiwa mgonjwa. Sababu hiyo lazima itajwe wazi kwenye wosia. Kumruka tu jina kunaalika kesi.

4. Andika kwa uwazi

Weka majina yako kamili, tarehe, na maelezo kwamba una akili timamu na hujashurutishwa. Taja kila mali kwa namna ambayo mgeni akisoma ataielewa: namba ya kiwanja, mtaa, benki, namba ya gari. "Lile shamba la kule chini" halitoshi.

Taja pia madeni yako na unaowadai. Kisha chagua msimamizi wa mirathi, na muulize kwanza kama atakubali. Kazi yake si ya heshima tu. Kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama Kuu au ya Wilaya, anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1.

5. Namba ya siri si wosia

Siku hizi wapo wanaompa mtoto namba ya siri ya simu au kadi ya benki wakiamini wamemaliza. Lakini fedha za marehemu ni sehemu ya mirathi. Anayezitoa kabla mahakama haijateua msimamizi anaweza kujikuta anajibu kesi ya ndugu zake mwenyewe. Orodhesha akaunti na laini zako kwenye wosia, ila namba za siri usiziandike.

6. Utunze, na uupitie upya

Wosia uliofichwa chini ya godoro unaweza usionekane kabisa, au ukaonwa kwanza na mtu asiyeupenda. RITA inaandika na kuhifadhi wosia, na mawakili pia wanafanya kazi hiyo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini uko wapi, hata kama hutamwambia umeandika nini.

Ukioa, ukiolewa, ukiachana, ukipata mtoto au ukinunua nyumba, rudi uusome. Kwa sheria ya mwaka 1865, ndoa mpya inaufuta wosia wa zamani. Kagua na fomu za kazini na za mfuko wa pensheni, maana wapo ambao bado wameandikisha majina ya wenza walioachana nao zamani.

Kwa kuanzia, chukua daftari leo na uorodheshe vitu viwili tu: ulivyonavyo na wanaokutegemea. Orodha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwa wakili au RITA.