Kanga Zilizotundikwa Kariakoo

Bi harusi mtarajiwa, ukivuka kwenda Dar kununua kanga za harusi, pale Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, utaziona zimetundikwa mlangoni mwa maduka, hazina mtu ndani yake. Kabla hujaanza kupatana bei, zitazame kidogo. Sisi wa Unguja tuna historia nazo.

Zamani mtumwa wa kike alivaa merikani isiyo na nakshi au kaniki nyeusi, na kujifunika kichwa hakuruhusiwa. Utumwa ulipofutwa kisheria, Aprili 1897, wanawake wengi waliiacha kaniki wakavaa kanga: moja kiunoni, moja kichwani. Kabla hajafungua kinywa, nguo ilikwishasema kuwa huyu si mtumwa tena. Stara iliyokuwa ya waungwana ikawa yake pia.

Mwili ni uleule, hadhi ndiyo iliyobadilika. Nawe siku utakayovikwa kisutu, hadhi yako itabadilika. Qur'ani (Al-Baqara, 187) imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Basi ukijitanda, waombee dua bibi zetu. Stara unayoipata kwa doti moja, wao waliisubiri miaka.