Bustani ya nyumbani Sange: pima kwa bidoni, si kwa hatua

Mwezi wa 11, mvua ikishazoea, karibu kila parseli ya Sange inakuwa na kijani. Lengalenga pembeni ya jikoni, matembele pale maji ya kuoga yanapopita, tomati mbili tatu zimefungwa kwenye vijiti. Mwezi wa 8, parseli nyingi kati ya hizo zimebaki vumbi. Mama aliyekuwa anachuma mboga nyumbani anarudi sokoni kununua fungu lile lile kwa franka.

Wengi wanasema shida ni jua. Ni kweli, lakini jua ni nusu ya habari. Bustani nyingi zinakufa juu ya kuanzishwa wakati maji yanatoka mbinguni bure, na hakuna mtu aliyehesabu nani atayabeba mvua ikisimama. Kila msimu hapa una faida yake na hasara yake, na anayejua hasara mapema ndiye anayekula mboga mwaka mzima.

Sange si Bukavu

Sange iko kwenye barabara ya taifa namba 5, katika tambarare ya Ruzizi, territoire ya Uvira. Upande wa magharibi kuna milima ya Mitumba, upande wa mashariki kuna mto Ruzizi na nchi ya Burundi. Ziwa Tanganyika, kusini, liko kwenye urefu wa mita 770 hivi juu ya bahari, na tambarare inapanda polepole kutoka hapo. Kwa hiyo joto ni kali, na mvua ni kidogo kuliko ya milimani. Mara nyingi watu wa Sange wanaona mawingu meusi yakimwaga maji juu ya milima, na kwao halianguki hata tone.

Hiyo inabadilisha kazi ya bustani. Karoti, kabichi na viazi vya kizungu vinapenda baridi ya Kabare na Walungu. Katika tambarare vinaofanya vizuri zaidi ni lengalenga, matembele, biringanya, gombo, pilipili, vitunguu na tomati. Mtu anayeleta mbegu kutoka milimani ajaribu kwanza kipande kidogo kabla ya kupanda parseli nzima.

Mwezi wa 9 mpaka wa 1: msimu A

Mvua za kwanza zinakuja mwezi wa 9 au wa 10. Ndio wakati mgumu kwa nyumba nyingi. Mavuno ya msimu uliopita yamekwisha, mahindi mapya bado, na watoto wamerudi shuleni wakihitaji madaftari na mavazi. Hapa bustani inasaidia haraka kuliko shamba. Lengalenga inachumwa wiki 3 au 4 baada ya kupandwa, wakati mahindi yanataka miezi mitatu au zaidi. Ukikata shina na kuacha sehemu ya chini, lengalenga inachipuka tena na kuchumwa mara nyingine.

Hasara ya msimu huu ni mvua ya udanganyifu. Inanyesha siku mbili, watu wanamwaga mbegu yote, halafu jua linapiga wiki mbili. Mbegu inaota na kukauka. Dawa yake ni kutopanda yote siku moja. Panda kipande, ngoja wiki mbili, panda kingine. Kwa njia hiyo hata mvua ikidanganya, mkono bado una mbegu. Kuna faida ya pili pia: mboga haikomai yote siku moja, basi nyumba haikosi leo na kutupa kesho.

Samadi nayo inataka kutayarishwa mbele. Mavi ya ng'ombe au ya mbuzi yakiwekwa mabichi yanaweza kuunguza mimea na kuleta magugu. Yachanganywe na majani na majivu kidogo, yafunikwe, yageuzwe, yakae miezi miwili au mitatu. Anayeanza rundo mwezi wa 7 anakuwa tayari mvua ikifika.

Mwezi wa 2 mpaka wa 5: msimu B

Baada ya pumziko fupi la mvua karibu na mwezi wa 1 na wa 2, mvua inarudi na nguvu, zaidi mwezi wa 3 na wa 4. Majani yanakuwa mengi kila mahali, na bei ya lengalenga na matembele inaanguka kwa sababu kila mtu anayo. Anayetegemea kuuza majani peke yake wakati huu anarudi na mzigo nyumbani.

Tomati ni kinyume. Mvua mingi inaleta mildiou, ugonjwa unaofanana na wa kuvu. Majani yanapata madoa meusi yenye alama ya maji, chini ya jani kunaonekana utando mweupe, na katika siku chache tuta lote linaonekana kama limechomwa moto. Kupanda kwa nafasi, kusimamisha mimea kwenye vijiti, kuondoa majani ya chini yanayogusa udongo na kumwagilia chini badala ya juu ya majani kunapunguza hasara, lakini hakuifuti.

Kuna ugonjwa mwingine ambao watu wanauchanganya na ukosefu wa maji. Mmea unanyauka ukiwa bado kijani, hata kama udongo una maji. Kata shina karibu na mzizi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Kama uzi mweupe kama maziwa unatoka, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya. Ng'oa mmea, uutoe nje ya bustani, osha jembe, na usirudishe hapo tomati, biringanya, pilipili wala viazi vya kizungu kwa miaka kadhaa. Panda mahindi, vitunguu au maharagi. Watu wengi wametupa franka zao kwa dawa juu ya ugonjwa huu bila kupata kitu.

Msimu B una hatari nyingine: maji yanayoshuka mlimani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, mafuriko katika mji wa Uvira, zaidi kandokando ya mto Mulongwe, yaliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kwenye tambarare mito inaleta mchanga na mawe juu ya mashamba. Bustani ya pembeni kabisa ya mto ina udongo mzuri, lakini mwenye kuipanda ajue kwamba mwaka mmoja mto unaweza kuichukua yote. Asiweke mbegu yake yote hapo.

Mwezi wa 6 mpaka wa 9: wakati wa jua

Sasa hesabu ya bidoni. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 linahitaji, kwenye joto la tambarare, karibu litre 40 mpaka 50 za maji kwa siku. Ni bidoni mbili za litre 20, wakati mwingine na nusu. Matuta matano ni bidoni 10 au zaidi, kila siku, na kila bidoni ina uzito wa kilo 20. Matuta matano yanaonekana madogo kwa macho. Kwa mabega si madogo.

Na mabega hayo ni ya nani? Katika nyumba nyingi ni ya mama na wasichana. Mwezi wa 6 ni mwezi wa mitihani. Msichana anayebeba bidoni 6 kabla ya jua kutoka anafika shuleni amechoka, na jioni anarudi mtoni badala ya kufungua daftari. Bustani inayolisha watoto na kuwakosesha darasa imeleta hasara ambayo haionekani sokoni. Ndiyo sababu kabla ya kuchora matuta mwezi wa 5, nyumba ikae na kuhesabu: bomba, kisima au mfereji uko umbali gani, kuna bidoni ngapi, na nani atabeba, baba na vijana wanaume wakiwa ndani ya hesabu. Kama jibu ni bidoni nne, basi bustani ya wakati wa jua ni matuta mawili. Mengine yapumzike chini ya majani makavu.

Kuna njia za kufanya bidoni moja ifanye kazi ya mbili:

– Wakati wa mvua tuta linainuliwa ili maji yatoke. Wakati wa jua fanya kinyume: chimba tuta chini kidogo kuliko njia, ili maji yabaki.
– Funika udongo na majani makavu ya mpunga. Kwenye tambarare yanapatikana baada ya mavuno, na mara nyingi yanachomwa bure.
– Mwagilia jioni au asubuhi mapema. Maji ya saa sita yanakwenda na jua.
– Maji yaliyooshea mboga, mchele na vyombo, kama hayana sabuni mingi, yaende kwenye matembele.
– Weka maji kwenye mzizi. Njia kati ya matuta haihitaji kunywa.

Anayeweza kumwagilia anapata malipo yake. Mildiou inapungua kwa sababu majani yanakaa makavu, na mboga za majani zinapanda bei. Vitunguu vinafaa sana: kitalu kikifanywa mwezi wa 4, miche inahamishwa mwezi wa 6, na vinakomaa jua likiwa bado kali, jambo linalosaidia kuvikausha vizuri ili vikae muda mrefu. Lakini wadudu nao wanapenda joto. Utitiri mwekundu na nzi weupe wanajificha chini ya jani. Geuza majani kila siku mbili, usingoje yakunjike.

Mfereji, mbuzi na jirani

Karibu na mifereji, kama ile inayopeleka maji kwenye mpunga wa Luberizi na Kiringye, kazi ni nyepesi lakini ugomvi ni mkubwa. Aliye juu akifunga maji, aliye chini anakauka. Zamu iliyopangwa mbele ya watu wote, kwa siku na saa, mwezi wa 5 kabla ya shida, inashinda maneno ya mwezi wa 8 watu wakiwa tayari wameshika majembe.

Maji ya mfereji pia yana magonjwa. Bilarziozi iko katika tambarare na kando ya ziwa, na mdudu wake anaingia kupitia ngozi ya mtu anayesimama majini. Kolera nayo inajulikana Uvira tangu miaka mingi. Mwenye buti azivae, watoto wasicheze mfereji, na mboga iliyomwagiliwa na maji hayo ioshwe kwa maji safi na kuiva vizuri.

Halafu kuna mbuzi. Wakati wa jua nyasi zimeisha, na bustani ndiyo kijani peke yake mtaani. Ng'ombe nao wanatafuta malisho. Ua la miti hai linashika vizuri likipandwa mvua ikiwepo. Mwezi wa 7 umechelewa. Mbuzi akiingia, kumkata mguu kunageuza hasara ya tuta moja kuwa kesi ya familia mbili. Hasara ionyeshwe siku hiyo hiyo mbele ya mwenye mbuzi na mkubwa wa mtaa, malipo yakubaliwe, na mambo yaishe.

Kuhusu dawa za wadudu: soma karatasi, ngoja siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma, na usirudishe chupa ile jikoni kuweka mafuta. Dawa isiyo na karatasi usiitie kwenye chakula cha watoto.

Watu wanapokimbia

Bustani za Sange zina msimu mwingine usio kwenye kalenda. Mwezi wa 12 mwaka 2025, mapigano yalipofika upande wa Luvungi, Sange na Uvira, maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Ilikuwa katikati ya msimu A, mboga zikiwa tuta. Anayekimbia habebi bustani, lakini kifurushi kidogo cha mbegu ya lengalenga, gombo na maboga kinaingia kwenye mfuko wa nguo. Kikae kikavu, karibu na karatasi muhimu za nyumba.

Anayerudi aanze na vya haraka. Matembele mara nyingi yanabaki hai chini ya magugu na yanatoa vipande vya kupanda. Lengalenga inafuata. Kabla ya kulima, angalia ardhi kwa utaratibu. Chuma kisichojulikana kisiguswe, kisipigwe jembe, kisichomwe. Weka alama mbali nacho, zuia watoto, toa habari kwa viongozi.

Kwa kifupi

Mwezi wa 7 na wa 8: tayarisha samadi, mwagilia kidogo lakini vizuri.
Mwezi wa 9 na wa 10: panda majani kwa vipande, wiki mbili kwa wiki mbili.
Mwezi wa 11 mpaka wa 1: chuma, acha mimea michache mizuri itoe mbegu.
Mwezi wa 2 mpaka wa 4: inua matuta, chunga tomati, panda ua, fanya kitalu cha vitunguu.
Mwezi wa 5: panga zamu ya maji, hesabu bidoni.
Mwezi wa 6: hamisha vitunguu, funika udongo, punguza matuta.

Tuta moja linalokunywa kila siku mpaka mwezi wa 9 linalisha nyumba kuliko matuta kumi yanayokufa mwezi wa 6.