Mpaka Uliomeza Kura

Huenda ukadhani, msomaji, kwamba mstari uliochorwa katika ramani hauna dhara, kwani haumzuii mtu kupita wala haumtozi kodi. Lakini katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, mstari wa namna hiyo uliwanyima watu wengi sauti kwa miaka mingi.

Yakupasa kujua kwanza ya kuwa majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo huchaguliwa kwa kura za wananchi, kila mmoja kwa muda wa miaka 10. Idadi yao ni saba. Zamani wilaya tano zilichagua jaji mmoja mmoja, bali wilaya ya kwanza ilichagua wawili. Wilaya hiyo ilikuwa na sehemu nne: Orleans, uliko mji wa New Orleans, na jirani zake Jefferson, St. Bernard na Plaquemines. Katika Orleans, zaidi ya nusu ya walioandikishwa kupiga kura walikuwa watu weusi; katika zile sehemu tatu, zaidi ya robo tatu walikuwa Wazungu. Walipochanganywa pamoja, kura za weusi zilimezwa. Katika karne ya 20 hapakuwa na mtu mweusi aliyepata kuchaguliwa katika mahakama hiyo hadi mwaka 1992.

Mwaka 1986 wananchi wa Orleans walifungua kesi. Waliopinga walisema kwamba sheria ya haki za kupiga kura ya mwaka 1965 huwalinda watu katika kuchagua wawakilishi, na jaji si mwakilishi wa mtu, bali ni mtumishi wa sheria. Hoja hiyo haikuwa ya kudharauliwa, maana jaji mwema hapimi hatia kwa kuwatazama waliomchagua. Hata hivyo, mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba jimbo likiisha kuamua kuchagua majaji kwa kura, halina budi kuzilinda kura hizo kwa usawa.

Ndipo kazi ikarudi kwa Baraza la Kutunga Sheria la jimbo. Mwaka 1992 liliweka nafasi moja ya muda kwa ajili ya Orleans, na mwaka 1997 likagawa jimbo zima katika wilaya saba, jaji mmoja kila wilaya. Bi Bernette Johnson, aliyechaguliwa katika ile nafasi ya muda mwaka 1994, alikuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2013. Lakini kabla ya hapo ilizuka hoja kama miaka yake ya nafasi ya muda ihesabiwe au sivyo. Ikaamuliwa kwamba ihesabiwe.

Shauri halikuishia hapo. Watu weusi walikuwa karibu theluthi ya wakazi, na wilaya waliyokuwa wengi ilikuwa moja tu kati ya saba. Tena wilaya zilitofautiana sana kwa idadi ya watu. Mwaka 2024 Baraza lilichora ramani mpya yenye wilaya mbili za namna hiyo.

Basi, msomaji, utakapoonyeshwa ramani ya wilaya, usiulize tu mpaka unapita wapi. Uliza pia ni nani aliyeuchora, na ni kura za nani zilizobaki nje.