Fremu ya miwani: kazi ya tupa na kipimo ambayo fundi wa Pwani anaiweza

Mtu akishapita miaka arubaini, mkono wenyewe huanza kuisogeza simu mbali na uso ndipo herufi zisomeke. Wengi wetu huishia duka la miwani, na hapo tunalipia vitu viwili: vioo, na fremu inayovishika. Vioo ni kazi ya mtaalamu wa macho na mashine zake. Fremu ni jambo jengine. Ni kipande cha plastiki, waya, mbao au pembe kilichokatwa, kikapigwa tupa na msasa mpaka kikakaa usoni. Kazi hiyo yafanyika katika chumba kimoja, na mchonga milango wa Lamu au sonara wa Mombasa atakuta vifaa vingi tayari anavyo.

Vipimo kwanza

Tazama upande wa ndani wa mkono wa miwani yako. Aghalabu utaona nambari tatu, mfano 50-18-140. Ya kwanza ni upana wa kioo kimoja, ya pili ni upana wa daraja linalokaa juu ya pua, ya tatu ni urefu wa mkono hadi ncha yake nyuma ya sikio. Zote ni milimita. Kipimo cha nne hakiandikwi hapo: ni masafa baina ya mboni mbili za macho. Kitovu cha kioo chatakiwa kielekeane na mboni. Fremu ikiwa pana mno, vitovu hulazimika kusogezwa ndani, na kioo cha mtu asiyeona mbali huwa kinene ukingoni.

Penye shida zaidi ni daraja. Fremu nyingi zinazotufikia zimechorwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Mwenye pua pana au ya chini huishia na miwani inayoteleza, hasa joto la Kaskazi likimtoa jasho. Fundi anayemshonea mtu kanzu hampimi mwengine, na wa fremu ni hivyo hivyo.

Mali ya kutengenezea

Inayotumika sana karakanani ni asetati, plastiki inayotokana na nyuzi za pamba na za miti. Huuzwa kwa mbao bapa: unene wa milimita 4 hufaa mikono, na 6 au 8 hufaa uso wa mbele. Ilichukua nafasi ya selulodi, iliyokuwa ikishika moto upesi. Mbao pia hutumika, lakini ubao mmoja mwembamba hupasuka kufuata nyuzi zake, kwa hivyo fundi hugandisha tabaka nyembamba kadhaa huku nyuzi zikipishana. Pembe la ng'ombe hulainika kwa moto, likanyooshwa na kukatwa, ila lataka kupakwa mafuta mara kwa mara lisikauke na kupasuka.

Kuna mali moja ya bahari yetu isiyofaa kurudiwa: gamba la ng'amba. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus of the Erythraean Sea, chataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani hii. Baadaye gamba hilo lilipendwa sana kwa fremu za miwani Ulaya na Japani. Ng'amba akakaribia kutoweka. Tangu 1977 mkataba wa CITES umemweka katika orodha yenye ulinzi mkali kabisa, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 yamlinda pia. Rangi ya madoa ya kahawia unayoiona kwenye miwani nyingi leo ni asetati iliyoiga gamba lake, na hivyo ndivyo ifaavyo.

Hatua za kazi

Fundi huchora uso wa fremu kwa ukubwa wake halisi, nusu moja tu, kisha hukunja karatasi ili nusu ya pili ifanane. Mchoro hubandikwa juu ya asetati. Matundu ya macho hukatwa kwanza kwa msumeno mwembamba wa sonara, kipande kingali kipana na rahisi kushikika, ndipo ukingo wa nje ukafuata. Ndani ya kila tundu huchimbwa mfuo mwembamba mfano wa herufi V, ambao ukingo wa kioo utakaa humo.

Kisha uso hupashwa moto na kupindwa kidogo ufuate mviringo wa kichwa. Mikono hutiwa waya wa chuma ndani ili isilegee. Bawaba huzamishwa kwa joto au hufungwa kwa misumari midogo, na hapa haraka haifai: bawaba moja ikipotoka, miwani hukaa upande. Mwisho ni tupa, kisha msasa kutoka mkavu hadi laini, kisha kitambaa na dawa ya kung'arisha. Viwandani fremu huzungushwa kwa siku kadhaa ndani ya mapipa yenye vipande vya mbao. Karakanani mkono ndio hufanya kazi hiyo.

Walioanza kidogo

Huko Morez, Ufaransa, mwaka 1796 fundi misumari Pierre-Hyacinthe Caseaux alianza kupinda waya kuwa fremu, na mji ukaja kujulikana kwa miwani. Fukui, Japani, mwaka 1905 Masunaga Gozaemon aliwaleta mafundi wa miwani wafunze wanakijiji, kwa sababu theluji iliwaacha wakulima bila kazi msimu wa baridi. Leo mji wa Sabae, katika mkoa huo, ndio kitovu cha miwani cha Japani. Na Ujerumani, mwalimu Martin Aufmuth alibuni mashine ya kupinda waya isiyotumia umeme, inayoingia katika sanduku la mbao la sentimita 30 kila upande. Tangu 2012 shirika lake limefunza mafundi Afrika, Malawi ikiwemo, watengeneze miwani ambayo mali yake hugharimu takriban dola moja.

Habari ya Fukui ndiyo inayotuhusu zaidi. Sisi hatuna theluji, lakini tuna Kusi. Bahari ikichafuka, baina ya Juni na Agosti, vyombo vidogo hukaa ufukweni na nyumba nyingi za wavuvi huishi kwa mkopo. Kazi inayofanyika ndani, isiyotaka mashine kubwa, yenye bidhaa nyepesi ya kusafirisha, ni ya kufikiriwa. Vijana wa kuchonga tunao, na vyuo vya ufundi vya kaunti vipo.

Mpaka wa fundi

Fundi wa fremu asimpimie mtu macho wala kumchagulia nguvu ya kioo. Anayeona ukungu huenda hataki miwani kabisa, huenda ana presha ya macho au mtoto wa jicho, na hayo ni ya hospitali. Mteja aje na cheti chake cha vipimo, na vioo vikatwe na mwenye ujuzi.

Anayetaka kuanza, aanze na kutengeneza: bawaba zilizovunjika, mikono iliyopotea, madaraja yanayobana. Fremu za watu zitakazopita mkononi mwake zitamfunza nyuso za watu wake, na miwani mingi iliyolala kwenye madroo yetu itarudi machoni.