Ford, Gari Lililoliwa na Kazi

Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa jeshi la kikoloni la Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akinuia kulivuka bara hadi Bahari ya Atlantiki. Gari lake lilitengenezwa Gaggenau, Ujerumani, likiwa limeinuliwa juu ili lisikwame kwenye visiki na mawe. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Alitumia siku 630, na nyingi kati ya hizo gari lilikuwa limesimama likisubiri vipuri. Petroli ilibidi itangulizwe vituoni na wapagazi. Safari hiyo ilienda kwanza kwa miguu ya watu, ndipo magurudumu yakafuata.

Graetz akiwa bado njiani, Oktoba 1908, Henry Ford wa Detroit alianza kuuza gari lake la Model T kwa dola 850. Alimlenga mkulima wa Marekani, ambaye barabara yake ilikuwa tope masika na vumbi kiangazi. Kwa hiyo alitengeneza gari jepesi, la nusu tani na ushei, akatumia chuma kilichochanganywa na vanadiamu ambacho ni imara bila kuwa kizito. Springi zilikuwa mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zimelazwa kwa mapana ya gari, hata gurudumu moja likipanda jiwe mengine yanabaki chini. Mwaka 1913 kiwanda chake kilianza kuunganisha magari kwenye mkanda unaotembea, na chasi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 ikaja kukamilika kwa takriban saa moja na nusu. Bei ilishuka mwaka hadi mwaka, na kufikia 1925 aina ya bei nafuu iliuzwa dola 260.

Makoloni ya Uingereza yalihudumiwa na tawi la Kanada, lenye kiwanda Walkerville, Ontario. Lakini kilicholiingiza gari hili kwa wingi katika nchi yetu, Tanzania, ni Vita Kuu ya Kwanza, wala si biashara.

Jeshi la Waingereza lilipoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1916 chini ya Jenerali Jan Smuts, lilikuja na farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Mbung'o waliwamaliza. Malori mazito nayo yalizama kwenye tope na kuzichimba njia zisipitike tena. Ford ilipita. Ikikwama, watu wachache waliisukuma au kuinyanyua ikaendelea. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, bandari yake ikawa mlango wa kuingizia mahitaji ya jeshi, na kutoka vituo vya Reli ya Kati magari yalibeba chakula na risasi kuelekea mstari wa mbele. Baadhi ya madereva walikuwa Waafrika waliotolewa mbali, wakiwemo wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo.

Dereva wa leo akipewa gari lile, hataling'oa hata hatua moja. Pedali ni tatu, lakini hakuna ya mafuta, kwani mafuta huongezwa kwa kijiti kilicho chini ya usukani, upande wa kulia. Cha kushoto ni cha kuwahisha au kuchelewesha moto wa plagi. Pedali ya kushoto ukiikanyaga mpaka chini, gari linaenda kwa gia nzito. Ukiiachia, linaingia gia nyepesi. Ya katikati ni ya kurudi nyuma, ya kulia ni breki. Injini iliwashwa kwa kuzungusha mpini mbele ya gari, na aliyesahau kuchelewesha moto angeweza kurudishiwa mpini kwa kishindo na kuvunjika mkono.

Halafu kulikuwa na vilima. Gari halikuwa na pampu ya petroli. Tangi lilikaa chini ya kiti, na mafuta yaliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Kwenye mwinuko mkali, tangi likiwa na mafuta kidogo, injini ilikuwa juu kuliko tangi, ikakosa mafuta na kuzima. Dawa yake ilikuwa kuligeuza gari na kupanda mlima kwa rivasi.

Ford moja ilibeba kilo 300 hivi, yaani mizigo ya wapagazi kumi na zaidi. Ila masika ya 1917 yalikuwa makali, Rufiji ikafurika, na mahali ambapo gari liliishia, mtu ndiye aliyeendelea. Mpagazi alibeba takriban kilo 25 na alihitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku, hivyo njia ikiwa ndefu alikula sehemu kubwa ya alichobeba, na jeshi likahitaji wapagazi wengine wa kumbebea chakula. Inakadiriwa kwamba karibu watu milioni moja walichukuliwa kuwatumikia Waingereza, na waliokufa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, wanakaribia laki moja. Kariakoo, Dar es Salaam, ilikuwa kambi ya wapagazi hao, na hata jina lake limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Baada ya vita, katika miaka ya 1920, malori mepesi ya Marekani, Ford na baadaye Chevrolet, yalianza kuunganisha stesheni za reli na miji isiyo na reli, kama kutoka Dodoma hadi Iringa, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafifia. Mei 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15, kiwanda kilisitisha Model T. Mwaka huohuo Sanamu ya Askari ilizinduliwa katikati ya Dar es Salaam, na maandishi yake yanawataja pia wapagazi.

Marekani bado kuna Model T nyingi zinazotembea, na vipuri vyake vinatengenezwa upya mpaka leo. Ile ya milioni 15 imehifadhiwa Dearborn, katika makumbusho yenye jina la Ford mwenyewe. Magari hayo yalitengenezwa kwa mamilioni, na mkulima wa huko aliyenunua gari jipya aliweza kuliacha la zamani bandani miaka hamsini. Hapa kwetu gari la kazi halikuwa na banda la kupumzikia. Lilitumika mpaka likafa, na likifa liligeuka vipuri. Hata springi ilikuwa na mteja, kwa sababu mhunzi anaijua kuwa chuma kizuri cha panga. Magari ya zamani yanayotazamwa Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, yanajulikana kwa waliopanda: magavana na Mwalimu Nyerere. Gari la mkubwa huwekwa. La kazi huliwa na kazi.

Hata hivyo enzi ile iliacha kitu kimoja ambacho kila mama wa sokoni anakijua. Petroli na mafuta ya taa vililetwa katika makopo ya bati ya galoni nne, mawili katika kila sanduku la mbao. Kopo likiisha mafuta lilichotewa maji, likapimiwa mahindi, au likapasuliwa na kunyooshwa kuwa bati la kuezekea. Hilo ndilo debe. Makumbusho yakitaka siku moja kueleza jinsi mizigo ilivyosafiri katika nchi hii, Ford iliyong'arishwa peke yake haitatosha. Kando yake liwekwe debe, na mzigo wa kilo 25 ambao kila mgeni ataruhusiwa kujitwisha.