Asiyekuwapo na Lake Halipo: Viwanja vya Mji, Wafanyakazi na Serikali ya Kaunti

Ukipita barazani jioni, kuanzia Majengo hadi Kisauni, mazungumzo ni yale yale. Mchuuzi ameondolewa kando ya barabara. Ada ya kibanda imepanda. Kibarua wa bandarini ana wiki mbili hajaitwa kazini. Kila mtu ana lake la kusema, na aghalabu husema kweli. Lakini ukiuliza ni nani aliyehudhuria kikao cha kaunti siku mswada wa fedha ulipojadiliwa, watu hutazamana. Wengine hata hawakujua kwamba kilikuwapo.

Makala hii inaeleza mambo matatu: jinsi wafanyakazi wa Mombasa walivyotumia uwanja wa wazi kudai haki, sheria ya leo inatupa nini, na mwananchi afanye nini ili neno lake litoke barazani liingie katika kumbukumbu za kaunti.

Uwanja uliozaa chama

Mombasa ilikuwa mji wa makuli kabla ya kuwa mji wa watalii. Mwaka 1939 wafanyakazi wa sehemu mbalimbali za mji waligoma, kundi moja baada ya jingine, hadi serikali ya kikoloni ikaunda tume ya kuchunguza hali yao. Mgomo mkubwa zaidi ukaja Januari 1947. Kuanzia tarehe 13, maelfu ya watu wa bandari, reli, mahoteli na hata watumishi wa nyumbani waliacha kazi, na mji ukasimama kwa karibu wiki mbili. Malalamiko yao hayahitaji mfasiri: mshahara haukutosha chakula wala kodi ya nyumba.

Tuzingatie namna walivyojipanga. Wengi wao walikuwa vibarua wa siku, leo kwa tajiri huyu, kesho kwa yule. Hawakuwa na ofisi, wala chama kimoja cha kuwaunganisha wote. Walichokuwa nacho ni uwanja. Walikusanyika kila siku, wakasikilizana, wakaamua pamoja. Ndani ya mgomo ule ndimo kilimozaliwa chama kilichokuja kujulikana kama African Workers' Federation, na kiongozi wake akawa Chege Kibachia.

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja Mombasa kuwasihi warudi kazini huku madai yao yakisikilizwa. Yakapelekwa mbele ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Ushindi ule haukuwa wa bure. Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Baringo.

Uwanja uliwapa wale wazee umoja. Lakini mshahara ulibadilika pale madai yalipowekwa mezani, yakaandikwa na kutolewa uamuzi. Yote mawili yalihitajika.

Sheria inasema nini leo

Kibachia alihamishwa kwa jambo ambalo leo ni haki. Katiba iliyoanza kutumika Agosti 27, 2010 inasema hivi:

Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi ya mgomo na kuwasilisha maombi kwa wakuu wa serikali, mradi afanye kwa amani na bila silaha.

Kifungu cha 41 kinampa mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka usuluhishi ujaribiwe kwanza, kisha notisi ya maandishi ya siku 7 itolewe kabla ya kugoma.

Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani na lishirikishe umma katika kutunga sheria. Mwananchi haombi hisani akienda kukaa kusikiliza.

Kwa mikutano na maandamano, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mwandalizi ampe notisi mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Mkutano uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Na notisi si ombi la ruhusa. Polisi wanaweza kukwambia utafute siku nyingine iwapo kuna mtu aliyekutangulia kutoa notisi ya mahali na saa hiyo hiyo. Kutoipenda ajenda yako si sababu.

Barabarani hadi mahakamani

Mwaka 2019 lilitoka agizo kwamba mizigo inayoingia kupitia bandari yetu na kwenda bara isafirishwe kwa reli ya SGR. Madereva, wenye malori, wenye maghala na mama ntilie waliotegemea biashara ile waliona riziki inakwenda. Watu wakaingia barabarani Mombasa, wakaandamana wiki baada ya wiki. Kando na maandamano, kesi ikapelekwa mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema agizo lile lilikiuka Katiba, na sababu mojawapo ni kwamba waliohusika hawakushirikishwa.

Maandamano yaliufanya mji mzima ujue kuna jambo. Kesi ndiyo iliyopata hukumu. Ni ule ule mwendo wa 1947.

Kalenda ambayo wengi hatuijui

Mambo mengi yanayotuuma, kama ada za soko, leseni na taa za barabarani, huamuliwa katika bajeti ya kaunti, na bajeti ina tarehe zake kisheria:

- Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti.
- Februari 28: waraka wa mkakati wa fedha hufikishwa bungeni.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni.
- Juni 30: mwaka wa fedha unafungwa.
- Ndani ya siku 90 baada ya bunge kupitisha mswada wa matumizi: mswada wa fedha unapitishwa. Humu ndimo ada na leseni zinamopangwa.

Mchuuzi anayelalamika Oktoba juu ya ada iliyokwisha kupitishwa anapigia ngoma harusi iliyokwisha.

Namna ya kushiriki

Kwanza, ulizia tarehe mapema kwa karani wa bunge la kaunti au kwa mwakilishi wa wadi yako. Mombasa ina wadi 30, na kila moja ina mtu wa kuulizwa.

Pili, nendeni kama kundi. Wachuuzi wa soko moja, wenye tuktuk wa kituo kimoja au vibarua wa ghala moja wakiandika barua moja yenye sahihi za wote, uzito wake si sawa na wa mtu mmoja aliyesimama na kipaza sauti.

Tatu, pelekeni maoni kwa maandishi. Chukua nakala mbili, moja ipokewe, nyingine igongwe muhuri urudi nayo. Kiswahili ni lugha rasmi. Usizuiwe na Kiingereza.

Nne, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria. Vilevile inazitaka idara za kaunti zijibu maombi kwa haraka. Kimya si jibu.

Na kaunti nayo iambiwe

Lawama si ya mwananchi peke yake. Kikao kikitangazwa siku mbili kabla, kikafanywa katika ukumbi wa hoteli saa za kazi, kwa hati ya Kiingereza yenye kurasa mia, huo si ushirikishwaji, ni kukusanya sahihi. Kibarua hawezi kuacha ujira wa siku kwa soda na maandazi. Kikiwekwa Ijumaa adhuhuri, nusu ya mji iko msikitini.

Dawa yake si ngumu. Vikao vije walipo watu: sokoni baada ya kufunga, kituo cha matatu, uwanja wa mtaa siku ya Jumapili. Na viwanja vyenyewe vilindwe. Ardhi ya umma ya kaunti inashikiliwa kwa amana ya wakazi wake. Kila kiwanja kinachozungushiwa mabati usiku ni baraza moja limefungwa, na wenye sauti ndogo ndio wanaokosa pa kukutania.

Wazee wa 1947 hawakuwa na Katiba ya kuwalinda, wakathubutu. Sisi tunayo. Kikao kijacho cha wadi yako ni lini? Uliza wiki hii.